Uchungu Uliofichwa
Hotuba ya mwalimu wa dini kwa waamini na walimu wa vigango

Katika siku hizi za jubilei tumesikia mengi ya kushukuru. Tumekumbushwa jinsi Mapadre Weupe walivyoipokea ngome ya Karema mikononi mwa Wabelgiji mwaka 1885, jinsi Injili ilivyopanda kutoka ufukoni mwa Tanganyika hata huku juu Ufipa, na jinsi jimbo la Karema lilivyopewa jina la Sumbawanga mwaka 1969. Kushukuru kwatupasa. Lakini mimi nimeombwa niseme neno lisiloimbwa katika sikukuu: habari ya uchungu alio nao Mkristu juu ya Mungu wake, naye haukiri, na mara nyingi hata haujui.

Labda mtu atasema, kwetu hakuna amchukiaye Mungu. Ni kweli, hatusikii mtu akimtukana Mungu njiani. Mfipa amelelewa kwa adabu. Hamjibu mkubwa kwa ukali, na Mungu ndiye Mkubwa kuliko wote. Kwa sababu hiyo hiyo uchungu wetu hautoki mlangoni mchana watu wakiuona. Hutoka usiku, tena umevaa nguo ya mtu mwingine.

Litazameni jina la mji wetu. Wazee wengi husema kwamba maana ya Sumbawanga ni kutupa uchawi: mgeni aingiapo, autupe nje. Jina zuri. Walakini mtoto akifa ghafula, au ng'ombe wakikwisha zizini, neno la kwanza tulisikialo ni lipi? Si "Kwa nini, ee Bwana?" bali "Ni nani?" Miaka ya 1963 na 1964 watu wa Kamchape walipita katika vijiji vya Ufipa wakitafuta wachawi, na Wakristu walikuwamo kati ya waliowapokea. Hata baada yao waganga wa namna hiyo hawakukoma kuja. Wengine husema kwamba jambo hili ni ujinga tu, na kwamba shule italimaliza. Mimi sidhani. Nimewaona watu wenye elimu wakienda kwa mpiga ramli. Imo hofu ndani yake, imo na tamaa ya fedha. Lakini naamini imo pia hasira juu ya Mungu, hasira isiyopata kiti cha kukalia. Mtu asiyethubutu kumwuliza Mungu humwuliza jirani. Na jirani huyo kwa kawaida ni mama mzee, mjane, asiye na mwana wa kumtetea. Katika nchi yetu ya Tanzania wazee wa namna hiyo wameuawa kwa mapanga. Basi neno ninalolisema si neno la moyo wa mtu mmoja tu. Damu ya watu imo ndani yake.

Nguo ya pili ni bidii. Hii ndiyo yetu sisi walimu, wazee wa kanisa, na akina mama wa vyama. Mwakumbuka mfano wa mwana mpotevu. Sisi tunapohubiri twamfuata yule mdogo hata kwenye nguruwe, twalia naye, twarudi naye nyumbani, na hotuba imekwisha. Yule mkubwa twampitia upesi. Lakini tazameni alikuwa wapi siku ile: alikuwa shambani, kazini. Hakuvunja amri yoyote. Miaka mingi alikuwa amelima shamba la baba yake, na miaka hiyo yote alikuwa akihesabu moyoni mbuzi ambaye hakupewa. Baba hakujua habari ya mbuzi huyo mpaka siku ya ngoma! Mwana alikula naye, akalala nyumba moja naye, akamwamkia asubuhi, na neno lile lilikuwa limekaa kati yao. Hivyo ndivyo alivyo mtu afunguaye kanisa alfajiri, apangaye viti, afundishaye wakatekumeni, huku akisema ndani yake: Nimekutumikia miaka ishirini, na mke wangu ni mgonjwa, fulani haji Misa ila Noeli, na nyumba yake ina bati jipya. Mtu huyu haachi dini. Lakini huwa mkali kwa watoto wa mafundisho, hafurahii toba ya mtu, na akisikia kwamba mlevi wa kijiji amerudi kwenye sakramenti, hununa.

Ninyi wakulima mwayajua matuta yetu ya Kifipa. Mvua zikikaribia kwisha twakata nyasi na kuzifukia chini ya udongo uliopinduliwa, nazo huoza humo na kulisha maharage na ulezi. Ni akili kubwa waliyotuachia babu zetu. Lakini sangari je? Sangari ukiifukia ikiwa na mizizi yake, haiozi. Hulala kimya, na mvua ya kwanza ikinyesha, huchipua mahali pengi kuliko kwanza. Wako watu wadhanio kwamba uchungu ukifukiwa vizuri kwa sala na nyimbo utaoza wenyewe na kuwa mbolea ya utakatifu. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania hakudhani hivyo. Asema kwamba uchungu una mzizi, na kwamba mzizi huo ukiota hauharibu mtu mmoja peke yake.

Je, tufanye nini basi? Hapa yafaa tupambanue mambo mawili yafananayo. Katika Kumbukumbu la Torati twasoma kwamba Waisraeli walinung'unika ndani ya hema zao, wakisema kwamba Mungu aliwatoa Misri kwa kuwachukia. Mungu alichukizwa. Lakini Ayubu alisema maneno makali kuliko yale, akailaani siku ya kuzaliwa kwake, akataka kumpeleka Mungu barazani wahukumiane. Na mwisho wa kitabu Mungu asema kwamba Ayubu ndiye aliyesema yaliyo sawa juu yake, na rafiki zake, waliomtetea Mungu kwa ufasaha, sivyo. Tofauti iko wapi? Waisraeli walimsema Mungu hemani, nyuma yake. Ayubu alimkabili.

Nasi walimu kwa kitabu hiki tuna desturi isiyo njema. Twampenda Ayubu wa sura mbili za kwanza, mwenye saburi, na Ayubu wa sura ya mwisho, aliyerudishiwa mali. Tangu sura ya 3 hata ya 31, aliapo na kuteta, hatusomi. Kisha twasimama kaburini, udongo ungali mbichi, twawaambia wafiwa kwamba Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Ayubu alilisema neno lile mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuambiwa na mtu aliyekwenda kula chakula chake baadaye na wanawe wote wazima. Neno la kweli likisemwa kabla ya saa yake hufunga kinywa cha mtu, na kinywa kilichofungwa hivyo hakifunguki upesi.

Mtazameni pia Naomi. Alirudi Bethlehemu bila mume wala wana, na akina mama wa mji walipomlaki aliwakataza kumwita jina lake. Alitaka aitwe Mara, yaani uchungu, akataja waziwazi kwamba ni Mwenyezi aliyemtenda hivyo. Hakuna aliyemkemea. Wala Maandiko hayamkemei. Na katika ukoo wake, kwa njia ya Rutu, alizaliwa Daudi, na katika ukoo wa Daudi, Kristu.

Ikiwa mtu adhani kwamba hayo ni mambo ya Agano la Kale tu, na atazame sala ya Kanisa. Katika Zaburi zote ile ya 88 ndiyo yenye giza kuliko nyingine. Haigeuki mwishoni kuwa shukrani kama zaburi nyingi za maombolezo. Yaanza kwa kilio na kwisha gizani. Nayo Kanisa limeiweka katika sala ya usiku ya kila Ijumaa. Mapadre na masista, hata waliofurahi siku ile, hupewa maneno hayo kinywani kabla ya kulala. Mama Kanisa ajua kwamba usiku ule yuko mtu mahali fulani asiyeweza kusali sala nyingine.

Katika kigango kimoja cha huku uwandani alikuwako mama aliyefiwa na mtoto wakati wa masika, njia ya kwenda hospitali ilipokatika kwa maji. Hakuacha kanisa. Aliimba, alifagia, alitoa zaka. Ila katika Baba Yetu, walipofika mahali pa mapenzi ya Mungu, alinyamaza, kisha akaendelea na wengine. Alifanya hivyo zaidi ya mwaka, na hapana aliyetambua ila bibi mmoja aliyekaa karibu naye. Siku moja alikuja kwangu, akaniuliza: "Mwalimu, nikilisema neno lile, si nitakuwa nimekubali kwamba mwanangu afe?"

Swali lile si dogo, wala katekisimu haina jibu lake kwa mstari mmoja. Nilimwambia hivi: "Mama, Bwana wetu alilisema neno lile Getsemani, lakini hakuanza nalo. Alianza kwa kuomba kikombe kimwondokee. Aliomba mara tatu, akatokwa na jasho kama damu. Wewe watakiwa kuanza mahali yeye alipomalizia? Anza alipoanza. Mwambie: Sikutaka hivi." Akasema, "Hilo naweza." Akaenda. Baada ya muda nilisikia kwamba alikuwa akisali hivyo kila jioni, kwa sauti, jikoni mwake, na jirani mmoja alidhani anagombana na mumewe. Siku hizi neno lile hulisema pamoja na watu. Zipo Jumapili ambazo hunyamaza tena. Simwulizi.

Wengine watauliza, kwani Mungu hawezi kueleza sababu? Ayubu hakuelezwa. Alijibiwa, lakini hakuelezwa. Aliulizwa habari za nyota, na mvua, na kulungu azaapo porini. Nasi tujihadhari sana na kumwelezea Mungu sababu zake. Nitatoa mfano wa mtu ambaye walimu wote wa nchi hii wanapaswa kumjua. Adrien Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, mpaka Mapadre Weupe wakamkomboa kwa fedha huko Algeria. Kardinali Lavigerie akampeleka Malta asomee uganga, na mwaka 1888 akatumwa kuja Tanganyika. Huko Karema, ambako leo ni Jimbo la Mpanda, akawa tabibu na mwalimu wa dini zaidi ya miaka sitini na mitano, akaoa, mwanawe akawa padre, naye akafa kuko huko mwaka 1956.

Nimesikia watu wakisema: Kumbe Mungu alitaka auzwe, ili wagonjwa wa Karema wapate tabibu. Mimi siwezi kusema hivyo. Waliomnyang'anya mama yake walitenda dhambi, na dhambi si mapenzi ya Mungu. Kwamba Mungu aliokota kilichotupwa na waovu akakijenga nacho kisima cha watu wengi, hilo nalikubali, tena nalisifu. Lakini ni neno lingine kabisa. Ya moyoni mwa Atiman ayajua Mungu. Lionekanalo ni kwamba hakulificha jeraha lake: katika uzee alisimulia mwenyewe jinsi alivyotekwa na kuuzwa, habari zake zikachapishwa mwaka 1946. Na miaka yote ile mikono yake ilikuwa ikifunga majeraha ya wengine.

Sasa nanyi walimu, kwa kuwa masika yaja na maziko hayatakosa. Kaburini semeni machache. Someni Maandiko, ombeni, nyamazeni. Mrudi kwa mfiwa matanga yakiisha kuanuliwa, siku ambayo wageni wamekwenda zao na sufuria zilizoazimwa zimerudishwa. Siku hiyo ndiyo uchungu hutafuta mahali pa kukaa. Akisema neno gumu juu ya Mungu, msiruke kumtetea Mungu. Akisema neno juu ya jirani, kwamba ndiye aliyemla mtoto wake, hapo msinyamaze. Mwulizeni kwa upole kama ndiye hasa anayemkasirikia.

Tena wafundisheni watu kwamba jambo hili lasemeka katika kitubio. Wengi huungama ulevi na magomvi ya nyumbani, na hili hulibakiza, wakidhani ni kufuru isiyosameheka, au wakiona haya kumtajia padre. Padre ameyasikia hayo mara nyingi kuliko wadhaniavyo. Na kwa mtu mwingine si dhambi bado, ni jeraha tu, naye padre atamsaidia kupambanua. Asiyejua aanze vipi na aseme hivi: "Baba, kuna neno kati yangu na Mungu." Inatosha kwa kuanzia.

Mwisho, wako waliokaa mbali nasi miaka mingi, nasi twawaita walegevu. Kabla jubilei haijapita, kila mwalimu amkumbuke mmoja wa kigango chake aliyeacha kuja baada ya msiba. Aende kwake bila daftari la zaka. Akae, akikaribishwa uji anywe, amwulize habari za marehemu, jina lake na tabia zake, asikilize mpaka jua lichwe. Habari ya kurudi kanisani asiitaje siku hiyo.

Tumsifu Yesu Kristu.