Ngozi ya Mgonjwa na Haki ya Kuambiwa

Tunapoitafakari haki ya mgonjwa, tuikumbuke dawa ya telapreviri, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa homa ya ini sugu ya aina ya C. Ilitolewa kwa majuma 12 pamoja na ribavirini na sindano za interferoni, nayo iliwaponya wengi. Lakini zaidi ya nusu ya walioitumia katika majaribio walitokwa na upele. Kwa wachache ngozi ilifanya malengelenge, ikabambuka. Mwezi Desemba 2012 wakuu wa dawa nchini humo walitoa onyo kali: walikuwapo waliokufa, wakiwa wameendelea kupewa dawa hata baada ya upele wao kuwa mbaya.

Je, waliambiwa? Mtu anayeogopa kunyang'anywa tiba huuficha muwasho wake, nasi hatumlaumu. Ajulishwe mapema, kwa lugha aijuayo, kwamba upele mdogo hutibika, bali homa, uso kuvimba na vidonda vya kinywani vyataka dawa zote zisimamishwe siku hiyohiyo. (Karatasi iliyokunjwa ndani ya kisanduku haimtoshi.)

Dawa hiyo iliacha kuuzwa Marekani mwaka 2014, vidonge vipya vilipokuja. Ribavirini ingali inaongezwa kwa baadhi ya wagonjwa, nao bado huwashwa.