Kuandika Orodha kwa Kompyuta

Ninyi mlio mbele ya mashine, fungueni programu yenu ya kuandikia na muwe na ukurasa mtupu. Ikiwa darasa lenu lina kompyuta moja tu, mmoja akae mbele ya kibodi, wengine msimame nyuma yake mkitazama, kisha mbadilishane. Na wewe uliye na redio na karatasi hii tu, usisikitike. Chukua kalamu, maana nusu ya somo la leo haihitaji mashine.

Leo tutazungumza juu ya orodha. Orodha si jambo geni kwenu. Mmeandika orodha ya vitu vya dukani, orodha ya michango ya arusi, orodha ya wageni. Orodha ya dukani ukiikosea, hasara yake ni kurudi sokoni. Lakini iko orodha nyingine ambayo imeshika fedha za watu, nayo ni masharti ya kikundi cha kuweka na kukopa. Hapa Tanzania, tangu ilipotungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivyo vinatakiwa kusajiliwa, na kikundi kinachokwenda kujisajili huulizwa katiba yake. Nani ataiandika? Mara nyingi ataiandika katibu, na katibu huyo yumkini ni wewe unayesoma hapa. Kwa hiyo mfano wetu wa leo utakuwa katiba ya kikundi.

Haya, tuanze. Andika maneno haya: Mwanachama atatakiwa. Weka nukta mbili mwisho, kisha bonyeza kitufe cha Enter ushuke mstari. Sasa andika alama ya nyota, kisha gusa kitufe kirefu cha nafasi mara moja tu. Ukiwa katika Microsoft Word, tazama: nyota imegeuka kitone cheusi, na mstari umesogea ndani kidogo. Ukiwa katika LibreOffice Writer, shika Shift na huku ubonyeze F12, utapata kitone vilevile. Na katika programu zote mbili, juu ya ukurasa kuna kitufe chenye picha ya vitone na mistari midogo kando yake. Ukikibonyeza hicho kwa kipanya, kazi ni ile ile.

Sasa andika: kulipa kiingilio. Bonyeza Enter. Kitone cha pili kimekuja chenyewe; hukukiita. Andika: kuhudhuria mikutano. Enter. Andika: kununua hisa kila juma. Enter. Umemaliza, lakini kitone kingine kinakungoja. Bonyeza Enter tena bila kuandika kitu, nacho kitaondoka. Watu wengi hupata taabu hapa, wakaanza kufuta na kufuta. Hakuna haja. Enter mara mbili, orodha imekwisha.

Na kama mashine imekuwekea kitone mahali usipokitaka? Shika Ctrl, bonyeza Z mara moja. Kitone kitarudi kuwa nyota yako, na maneno yako hayataguswa.

Mwanafunzi mmoja atauliza: kwa nini nisiandike tu kistari, nikagusa nafasi mara tano, nikapanga mistari yangu kwa jicho? Swali hilo ni zuri. Desturi hiyo tumeirithi katika mashine ya taipu. Katika mashine nyingi za taipu kila herufi ilikuwa na upana mmoja. Nafasi tano zilikuwa nafasi tano, juu na chini. Herufi za kompyuta, nyingi zake, si hivyo. Jaribu sasa hivi: andika herufi i mara kumi, shuka, kisha andika herufi m mara kumi. Umeona? Kumi za chini zimeenda mbali sana kuliko kumi za juu. Basi huwezi kuzipanga kwa kuhesabu nafasi. Leo zitaonekana sawa. Kesho ukikuza herufi kidogo ili wazee wasome vizuri, mistari itavunjika mahali pengine, na zile nafasi ulizozipachika zitatokea katikati ya sentensi kama mashimo barabarani.

Kitone cha mashine hakipangwi kwa nafasi. Mashine inajua kwamba mstari huu ni kipande cha orodha, nayo hushika umbo hilo hata ukikuza herufi au ukibadili karatasi. Maneno yakiwa mengi yakashuka mstari wa pili, mstari huo wa pili huanzia chini ya neno, si chini ya kitone. Kistari cha mkono hakiwezi kufanya hivyo.

Viko vitone vya mapambo pia: mkono unaonyesha kidole, nyota, tiki. Mimi sivipendi. Nyingi za alama hizo hutoka katika herufi za pekee kama Wingdings, na kompyuta au simu isiyo na herufi hizo huweza kuonyesha kisanduku kitupu mahali pake. Kitone cheusi chatosha.

Sasa rudini kwenye orodha yetu mwisome kwa sauti, darasa zima. Mwanachama atatakiwa kulipa kiingilio. Mwanachama atatakiwa kuhudhuria mikutano. Mwanachama atatakiwa kununua hisa kila juma. Inapita vizuri, kwa sababu kila kipande kimeanza kwa ku-. Tuseme katibu ameongeza cha nne: asichelewe. Someni. Mwanachama atatakiwa asichelewe? Ulimi unajikwaa. Aandike: kufika mapema. Hii ndiyo njia ya kuikagua orodha yoyote: soma maneno ya juu pamoja na kila kitone, kimoja kimoja, uone kama sentensi inasimama.

Sasa tufike kwenye nambari. Kitone husema neno moja tu: hapa pana jambo jingine. Hakisemi lipi ni la kwanza, wala hakina jina. Fikiri mkutanoni mtu anasimama na kusema, "Nalalamikia kile kitone cha sita kutoka juu." Watu watahesabu kwa vidole, na mmoja atahesabu saba. Kwa hiyo, jambo ambalo watu watalitaja baadaye, au ambalo lina utaratibu wa kufuatwa, lipewe nambari. Masharti ya katiba yapewe nambari daima. Andika 1, weka nukta, gusa nafasi, na Word itaanza orodha ya nambari. Katika Writer bonyeza F12. Kila ukigonga Enter, nambari ifuatayo itakuja.

Hebu andikeni masharti haya matano:

1. Kiingilio ni shilingi 10,000.
2. Mkutano utafanyika kila Jumamosi.
3. Kila mwanachama atafika kabla ya saa kumi.
4. Mwanachama hatatumia fedha za kikundi bila idhini ya mkutano.
5. Atakayevunja sharti la 4 atafukuzwa.

Yasomeni vizuri. Nani atafukuzwa? Ni yule aliyekula fedha za kikundi. Haki kabisa.

Sasa tuseme mkutano umeamua kuongeza sharti: asiyeweza kuja atatoa taarifa. Katibu anaona mahali pake pazuri ni baada ya lile la 2, kwa kuwa linahusu mkutano. Weka kishale mwisho wa sharti la 2, bonyeza Enter, andika: Asiyeweza kuja atatoa taarifa. Tazama mashine ilivyo na adabu: sharti jipya limekuwa la 3, na yote yaliyofuata yamesogea yenyewe. La kuchelewa limekuwa la 4, la fedha limekuwa la 5, na la adhabu limekuwa la 6.

Lakini lisomeni hilo la 6. Linasema bado: Atakayevunja sharti la 4 atafukuzwa. Na sharti la 4 sasa ni lipi? Ni la kufika kabla ya saa kumi! Mama aliyekawia kisimani atafukuzwa, na mtu aliyekula fedha hana adhabu yoyote katika katiba nzima.

Nambari za pembeni ni za mashine, nayo huzitunza. Ile "4" iliyo ndani ya sentensi uliiandika wewe kwa mkono, na mashine haijui kama ina maana gani. Kwake ni herufi tu.

Dawa zake ziko tatu, na kila moja ina wakati wake. Ya kwanza ndiyo nyepesi. Kila ukiongeza au kufuta sharti, shika Ctrl, bonyeza F, kisha andika: sharti la. Programu itakupeleka kila mahali palipo na maneno hayo. Usahihishe kwa mkono moja baada ya moja. Kwa katiba ya kurasa mbili inatosha. Ya pili ni kuiambia mashine ishike na hiyo "4" pia. Badala ya kuiandika, utaiingiza. Katika Word iko chini ya References, katika Writer iko chini ya Insert, na mahali pote pawili imeandikwa Cross-reference. Ukisha kuongeza masharti, shika Ctrl ubonyeze A ili kuchagua maandishi yote, kisha bonyeza F9, na nambari za ndani zitafuata zile za pembeni. Usisahau hiyo F9. Bila hiyo nambari ya zamani yaweza kubaki pale pale. Njia hii mwalimu wa darasa awaonyeshe polepole, maana haijifunzwi kwa redio.

Ya tatu ni ya katiba iliyokwisha kutiwa sahihi. Hiyo usiisogeze nambari zake hata kidogo. Watu wanayo nakala nyumbani, na kumbukumbu za mikutano zimetaja masharti kwa nambari za zamani. Watunga sheria wa nchi wana desturi nzuri: kifungu kipya kikiingizwa kati ya cha 2 na cha 3, hukiita 2A, na vingine vyote hubaki na majina yao. Nanyi fanyeni hivyo. Hiyo 2A itabidi uiandike kwa mkono, maana orodha ya mashine itataka kuiita 3. Bonyeza tena kile kitufe cha nambari kilicho juu ili kuizima kwa mstari huo, kisha hakikisha kwamba mstari unaofuata bado ni 3.

Liko jambo moja ambalo mashine haiwezi kukusaidia kabisa, na kwa maoni yangu ndilo linalogombanisha watu zaidi. Sikilizeni orodha hii:

Mwanachama atapewa mkopo akiwa:
• amekaa katika kikundi miezi sita;
• amenunua hisa kumi;
• ana wadhamini wawili.

Tuseme mama mmoja amekaa miezi mitatu tu. Mtoto wake anaumwa, anataka kukopa. Hisa kumi anazo, na zaidi. Wadhamini wawili wamesimama naye. Mweka hazina anasema, "La, dada yangu, miezi sita haijatimia." Mama anajibu, "Nionyesheni mahali palipoandikwa kwamba ni lazima yote matatu. Mimi ninayo mawili." Nani anasema kweli? Itafuteni hiyo orodha mstari kwa mstari, hamtapata jibu. Vitone havisemi "na", wala havisemi "au". Mwandishi alikuwa nalo kichwani mwake, hakuliandika.

Basi andika. Kama ni yote, sema: Mwanachama atapewa mkopo akiwa ametimiza mambo haya yote. Kama moja latosha, sema: akiwa ametimiza mojawapo la mambo haya. Na mwisho wa kitone cha pili, baada ya ile nukta-mkato, ongeza "na" au "au". Mtu anayesoma haraka hupita maneno ya juu, lakini atalikuta hilo dogo katikati. Mimi huandika mahali pote pawili. Tena afadhali niseme "haya yote" kuliko "haya matatu", kwa kuwa mwaka ujao mkutano utaongeza la nne, na hakuna atakayekumbuka kusahihisha lile neno "matatu".

Kazi ya juma hili ni hii. Kila darasa litafute katiba au masharti ya kikundi kimoja, cha mmoja wenu kama yuko radhi. Katika Word, bonyezeni kitufe cha juu chenye alama inayofanana na herufi P iliyogeuzwa. Katika Writer, shikeni Ctrl mbonyeze F10. Kila nafasi iliyoguswa itaonekana kama nukta ndogo. Mkikuta safu za nukta hizo mwanzoni mwa mistari, mjue orodha ilipangwa kwa mkono. Iandikeni upya kwa kitufe cha nambari. Kisha mmoja asome kwa sauti kila mahali palipotajwa sharti kwa nambari, na mwingine afungue sharti hilo aone kama ndilo lililokusudiwa. Mwisho, kila penye masharti ya mkopo au ya adhabu, ulizaneni: yote, au mojawapo? Msipokubaliana darasani, msikisie. Andikeni swali hilo pembeni, mwenye kikundi alipeleke kwenye mkutano wao.

Juma lijalo tutajifunza kupanga majedwali, na tutaanza na daftari la hisa. Kwaherini.