KEMIA NDIYO MLANGO WA UFAMASIA
(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumetakiwa jioni hii tuseme habari ya masharti ya kusomea ufamasia hapa Tanzania, kwa kuwa wengi wenu mna watoto waipendao kazi hiyo, na wachache mngependa kuisomea wenyewe. Twaomba ruhusa tuseme wazi, maana jambo hili limekwisha kuwatoa machozi watu wa chama hiki.

Mwenzetu mmoja, karani wa miaka mingi, ana binti aliyefaulu kidato cha nne: Kiswahili, Kiingereza, Historia, Jiografia na Baiolojia, yote kwa alama za kupendeza. Binti akapeleka maombi ya Stashahada ya Sayansi ya Dawa, akakataliwa. Baba akatujia na cheti mkononi akidhani mwanawe amedhulumiwa. Hakudhulumiwa. Sharti la stashahada ile ni kufaulu masomo manne yasiyo ya dini, na Kemia na Baiolojia lazima ziwemo. Binti alikuwa na matano, Kemia hana. Aliiacha alipoingia kidato cha tatu, maana shuleni kwao hapakuwa na mwalimu wake, na fomu ya kuchagua masomo ilitiwa sahihi nyumbani na baba huyu huyu. Alituambia haikumbuki hata siku yenyewe.

Hapo ndipo penye kosa letu sisi watu wa kalamu. Twasifu hati nzuri na Kiingereza fasaha, kwa kuwa ndivyo vilivyotupatia kazi. Kweli, Kiingereza na Hisabati humwongezea mwombaji wa stashahada sifa. Walakini hakuna somo liwezalo kukaa mahali pa Kemia.

Atakaye shahada, ambayo ni ya miaka minne, yampasa afaulu kidato cha sita katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. Miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu imetaka, kwa Chuo Kikuu cha Muhimbili, jumla ya pointi 6: Kemia isipungue C, Baiolojia isipungue D, Fizikia isipungue E. Makarani hatushindwi na hesabu hii. C ni 3, D ni 2, E ni 1. Basi aliyepata kiwango cha chini katika kila somo ana 6 kamili, hana hata moja ya akiba, na herufi S haimfai kitu. Tena hiyo ni ruhusa ya kuomba tu. Waombaji ni wengi kuliko viti.

Ipo njia ya pili, nayo twaomba isikilizwe na wale mlio na stashahada na mnaotoa dawa hospitalini. Mwenye stashahada ya fani hii huweza kuomba shahada akiwa na wastani wa B, au GPA isiyopungua 3.5. Lakini huulizwa pia cheti chake cha kidato cha nne, kwamba alipata walau D katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Twamjua mtu mwenye stashahada safi aliyezuiwa na F ya Hisabati ya ujanani, aliyokwisha kuisahau. Cheti kile hakizeeki, mabwana.

Baada ya shahada huwapo mwaka mmoja wa utarajali, ndipo Baraza la Famasi limwandikishe mtu kuwa mfamasia. Na kwa kuwa mwongozo hutolewa upya kila mwaka, someni ule wa mwaka mnaoombea, msisome wa kaka yake.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kemia amekubali kuwafundisha watoto wa wanachama kila Jumamosi asubuhi, naye hakudai malipo. Tumekosa chumba tu, chenye meza imara na maji ya bomba. Aliye nacho, au ajuaye kilipo, tafadhali amwone Katibu kabla hatujatawanyika.