Tujenge Ndiva ya Masomo na Kazi

(Maelezo ya Kamati ya Fedha kwa wanachama na wageni, hafla ya mwaka ya kuchangia maendeleo ya nyumbani, Dar es Salaam)



Watani wetu husema Mpare haachii shilingi mpaka aone inakokwenda. Leo hatutawabishia. Sisi wa Kamati ya Fedha tumepewa nafasi ya kueleza mchango wa mwaka huu unakwenda wapi. Safari hii tunaomba kitu ambacho hakipendezi kwenye picha kama bati jipya au ukuta uliopakwa rangi. Tunaomba chumba kimoja cha kusomea na kufanyia kazi kwa mtandao kule nyumbani. Zaidi ya chumba chenyewe, tunaomba fedha za kukiendesha mwezi hadi mwezi.

Wote tunakumbuka Machi 2020. Tarehe 16 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na kesho yake shule zikafungwa. Kidato cha sita na vyuo walirudi tarehe 1 Juni; wanafunzi wengine wakasubiri mpaka tarehe 29 Juni. Katika miezi hiyo vipindi vya masomo vilisikika redioni na kwenye televisheni, na shule zenye uwezo zikatuma kazi kwa simu za wazazi. Kwa upande wa kazi, baadhi yetu tuliambiwa tubebe kompyuta tukafanyie kazi nyumbani. Tukaona kwamba hesabu za mwezi zinafungwa vizuri tu mtu akiwa sebuleni kwake Tabata au Kimara, mradi mtandao upo.

Sasa tulitafakari neno lenyewe, "nyumbani". Mtu wa kwetu akikwambia anakwenda nyumbani, hamaanishi Tabata. Anamaanisha mlimani. Huko ndiko waliko baba na mama, na wengi wao sasa ni watu wazima sana wanaoishi na mjukuu mmoja au na msaidizi tu. Sheria ya ajira inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka. Mzazi akiugua mara tatu kwa mwaka, siku hizo zimekwisha kabla ya Desemba, na hapo ndipo tunapobaki kutuma nauli na fedha za dawa huku tukiuliza kwa simu, "Ameamkaje leo?" Wapo wanachama ambao waajiri wao wangewaruhusu kufanya kazi wiki mbili wakiwa mbali. Kinachowakwamisha ni kwamba wakifika kwetu simu inashika ukiwa kwenye kilima, ukishuka bondeni inapotea, na umeme ukikatika mchana hakuna pa kwenda.

Upande wa pili wako vijana wetu. Kijana anamaliza stashahada ya uhasibu, anarudi, anakaa miezi miwili, kisha anakuja Dar es Salaam kupanga chumba na kuzunguka na bahasha. Mjini kuna wafanyabiashara wa kwetu wengi tu, wenye maduka Kariakoo, gereji, famasi na mabasi madogo, na wengi hawana mtu wa kuwawekea vitabu. Kazi hiyo sasa haimlazimu mtu akae dukani. Mwenye duka anapiga picha risiti na hati za malipo kila jioni anazituma. Kijana anaziingiza kwenye leja, analinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, na mwisho wa mwezi anatoa hesabu. Ritani za kodi zinawasilishwa kwa mtandao, na malipo ya serikali yanafanywa kwa kontroo namba. Hakuna hatua hata moja hapo inayomtaka kijana huyo awe amepanga Mbagala.

Masomo nayo ni hivyo hivyo, na kwetu si jambo geni. Miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilifundisha kwa njia ya posta, na wapo wazee humu ndani waliojiendeleza kwa bahasha. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na wanafunzi wake wanasoma wakiwa walipo. Mitihani ya Bodi ya Wahasibu hufanyika Mei na Novemba, na mtu anaweza kujiandaa akiwa popote penye vitabu, walimu wa mtandaoni na mahali pa kukaa. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Vitu vyote hivyo vipo, ila mtoto wa Ugweno anahitaji bando ili avifikie.

Hapa ndipo tunapoomba mtusikilize kwa makini, kwa sababu ndipo fedha zinapopotelea. Mradi wa namna hii ukitajwa, wa kwanza kusimama husema, "Tununue kompyuta." Kompyuta ni gharama ya mara moja. Ukishainunua inaanza kudai umeme, mtandao, fundi, usafi na mtu wa kuifungulia mlango. Gharama hizo ni ndogo ndogo, lakini zinarudi kila mwezi, na hakuna mgeni rasmi anayekuja kuzizindua. Ndizo zinazoamua kama chumba kitakuwa hai mwaka wa tatu, au kitakuwa stoo yenye kufuli.

Wazee wetu walilijua jambo hili walipochimba ndiva. Kijito cha mlimani mara nyingi ni chembamba. Maji yake yakiachwa yatiririke tu, hayafiki shamba la chini. Kwa hiyo jioni ndiva inazibwa, maji yanakusanyika usiku kucha, asubuhi inafunguliwa na maji yanashuka kwenye mifereji kwa nguvu, kila mtu kwa zamu yake. Na ndiva ina msimamizi. Ikikosa msimamizi na ikakosa siku ya kuzolewa matope, inageuka dimbwi.

Mtandao wa kwetu ni kijito chembamba. Saa moja ya kipindi cha video inaweza kula GB 1. Wanafunzi 20 wakikitazama kila mmoja kwa simu yake, wamemaliza GB 20. Kipindi hicho hicho kikipakuliwa mara moja usiku, wakati watumiaji ni wachache, kikahifadhiwa kwenye kompyuta moja ya chumba, kimetumia GB 1 tu. Mchana wanafunzi wote 20 wanakifungua kutoka kwenye kompyuta hiyo kwa mawimbi ya humo ndani, bila kugusa bando. Vitabu vya kiada, mitihani iliyopita, masomo ya hesabu na Kiingereza, vyote vinaweza kukaa humo. Kwa njia hii mtandao wa mchana unabaki kwa wale wanaouhitaji papo kwa papo, yaani mwenye kikao na ofisi yake, au anayewasilisha ritani ya mteja.

Zamu tunazipendekeza hivi. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, chumba kiwe cha vijana wanaofanya kazi, wanachuo, na wanachama waliokuja kuuguza wazazi. Saa 9 hadi saa 12 jioni kiwe cha wanafunzi wa sekondari, na nusu ya viti iwe ya wasichana. Tunasema hivyo kwa sababu binti akiambiwa asomee nyumbani, kitabu chake kinashindana na kuni, maji, jiko na mdogo wake mgongoni. Anahitaji meza iliyo nje ya jiko, na ruhusa ya mzazi ya kuikalia. Usiku mlango unafungwa na ndiva inajaa.

Mahitaji yenyewe tumeyapima. Laptopu 20 za wati 50 zikifanya kazi pamoja zinachukua wati 1,000. Umeme ukikatika kwa saa nne, zinahitaji uniti 4. Betri tutakayonunua iweze kutoa uniti 4 kweli, hata siku za masika mlima ukiwa umefunikwa na ukungu na sola haipati jua la kutosha. Laini za mtandao ziwe mbili, za kampuni mbili tofauti. Sisi wahasibu tunajua sababu: kodi ya mishahara ni tarehe 7 na ritani ya VAT ni tarehe 20. Kijana aliyebeba vitabu vya mteja hawezi kusema "mtandao ulikata". Mteja atatozwa faini, na kijana hatapewa kazi tena. Na kabla ya kuchagua kiwanja, mtu apande na simu za mitandao yote apime mawimbi mahali hapo, asubuhi na jioni. Kiwanja cha bure kilicho bondeni kinaweza kutugharimu kuliko cha kununua kilicho kwenye kilima.

Lipo pia suala la siri. Vitabu vya biashara na taarifa za mishahara ni mali ya mteja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana wote. Kila mtumiaji atakuwa na nywila yake, na hakuna mashine itakayoachwa wazi na hesabu za mtu.

Tusijidanganye kwamba chumba kitamaliza kila kitu. Majaribio ya kemia yanataka maabara. Mtoto wa darasa la kwanza anamhitaji mwalimu aliyesimama mbele yake. Vijana wengine watashuka mjini tu, na hiyo ni haki yao. Tunachotaka ni kwamba anayeshuka awe amechagua, asiwe amesukumwa na kukosa meza na waya.

Sasa fedha. Kwa kila shilingi 100 tutakazochanga mwaka huu, tunapendekeza 40 ziende kwenye chumba na vifaa, na 60 zikae kwenye akaunti ya pekee ya uendeshaji wa miaka mitatu, yaani mshahara wa msimamizi, mtandao, umeme, matengenezo na ulinzi. Tunajua wapo watakaosema 60 ni nyingi kwa vitu visivyoonekana. Tunawaomba waulize ndiva ilidumu kwa sababu ya mawe au kwa sababu ya watu waliopangiwa kuizibua.

Baada ya miaka mitatu chumba kianze kujibeba. Wanachama 200 wakitoa shilingi 10,000 kila mwezi, hizo ni shilingi 2,000,000 kwa mwezi na 24,000,000 kwa mwaka. Vijana wanaolipwa na wateja watatoa ada ndogo ya meza. Wanafunzi hawatalipa.

Ulinzi wa fedha hizo uwe hivi. Akaunti iwe na watia sahihi wanne, wawili wa mjini na wawili wa nyumbani, na hundi isitoke bila sahihi ya kila upande. Kila robo mwaka hesabu ziandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, zibandikwe ofisi ya kata, msikitini na kanisani, na zitumwe kwenye kila tawi. Mkaguzi asiwe mjumbe wa kamati hii.

Ndugu zetu, maombi yetu ni matatu. La kwanza ni mchango wako wa leo, na ahadi ya kila mwezi kwenye fomu iliyo ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. La pili ni nguvu: wenzetu walioko nyumbani wako tayari kwa msaragambo wa kusawazisha kiwanja, kusomba mawe na mchanga, atakayekuwa huko siku hizo achukue jembe. La tatu halihitaji fedha mpya. Kama una biashara, toa vitabu vyako vya miezi mitatu kwa kijana mmoja wa nyumbani, umlipe kama ungemlipa mwingine, na umkosoe kama ungemkosoa mwingine. Sisi wahasibu wa chama tutakagua kazi zao bila malipo katika kipindi hicho mpaka mkono uzoee. Biashara kumi zikikubali leo, chumba kitafunguliwa kikiwa na kazi ndani yake.

Wazee wetu, tunajua mnachokitamani mnapotupigia simu. Hamuulizi mtandao. Mnauliza, "Mnakuja lini?" Tunataka siku moja tuweze kujibu kwamba tunakuja Jumapili na tutakaa mwezi mzima, asubuhi tutakuwa kwenye kile chumba, na jioni tutakula pamoja.

Karibuni mezani kwa mweka hazina. Kitabu cha stakabadhi kiko wazi.