Kusahihishana katika kamati ya wakimbizi



Ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipolipuka Lubunga mwaka 2023, jamaa nyingi ziliacha nyumba na mashamba. Na popote wakimbizi wanapokusanyika, kamati huundwa. Kazi yake ni kazi kama ya ofisi, tena ngumu kuliko ya ofisi.

Tuseme karani ameruka jina la mjane katika orodha ya turubai. Wengi wetu humpigia kelele mbele ya umati: "Ninyi watu wa kabila hilo ndivyo mlivyo!" Basi kosa la kalamu limekwisha kuwa kosa la kabila, naye karani hawezi tena kulikubali bila kuwaaibisha wenzake.

Mwite kando, siku ile ile. Taja jambo lenyewe: "Ndugu karani, leo jina la mama huyu halikusomwa. Ilikuwaje?" Kisha nyamaza umsikilize, pengine orodha ilimfikia hivyo. Lakini kama ameuza turubai, hilo si la kando. Lipelekwe kikaoni.

Shauri nalo lisikatwe na watu wawili chini ya mwembe. Wawepo wa pande zote mbili, na akina mama, maana wao ndio wajuao nani amelala njaa. Daftari liandikwe nani atafanya nini, siku gani, kisha lisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na Lingala, kabla watu hawajatawanyika. Asiyekubali aseme hapo hapo, na neno lake liandikwe pia.