Hotuba ya Mwenyekiti: Wimbo wa Kufungua Kikao



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Taarifa ya hisa na mikopo atasoma mweka hazina. Sisi tunaomba kusema jambo ambalo haliko kwenye daftari, nalo ni nyimbo zetu na wenzetu waliotangulia.

Tulianza mwaka 2015 chini ya mparachichi, akina mama 18 na sanduku moja la kufuli tatu. Mweka hazina wetu wa kwanza ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo wa kufungua kikao. Aliutunga mwenyewe, wimbo mfupi tu wa kusaidiana mizigo. Mwaka 2019 akatutoka.

Tulimzika vizuri, mfuko wa jamii ukafanya kazi yake. Lakini kikao kilichofuata hakuna aliyeweza kuanzisha ule wimbo. Hapo ndipo sisi viongozi tulipokosea, na leo tunakiri mbele yenu. Tulikata shauri kwamba wimbo ule usiimbwe tena, tukidhani tunawaonea watu huruma. Hata jina lake tukaliacha. Matokeo yake wanachama wakawa wanachelewa, marejesho yakalegea, wawili wakajitoa bila kusema sababu. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Siku moja binti yake alikuja kuchukua akiba ya mama yake. Tukafungua kikao kimya kimya kama kawaida yetu mpya. Akauliza, "Mama zangu, mbona hamuimbi? Nyumbani mama alikuwa anauimba akiosha vyombo." Akauanzisha mwenyewe. Jamani, siku ile tulilia! Hesabu zilianza saa moja baadaye. Lakini tulipomaliza kulia, tulianza kumsimulia: ukali wake kwenye faini, kicheko chake, chai yake ya tangawizi. Mmoja wa waliojitoa alirudi mwezi uleule.

Tulipaswa kujua mapema. Tarehe 6 Mei 2017 Arusha ilipata msiba mkubwa. Basi la Shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni Rhotia, Karatu, tukapoteza wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu walinusurika. Siku mbili baadaye tulisimama Uwanja wa Sheikh Amri Abeid mbele ya majeneza. Maneno yalikuwa hayatoki. Mama mmoja pembeni yetu alianza wimbo mdogo wa kanisani, tukampokea, na hapo tu ndipo machozi yalipopata njia.

Na kabla ya hapo, mwaka 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki, nani hakumsikia Kapteni John Komba na kundi la TOT redioni wakimlilia Baba wa Taifa? Komba naye amekwisha kututoka, mwaka 2015. Lakini zikipigwa nyimbo zile tarehe 14 Oktoba, mtu anakumbuka hata alipokuwa amesimama siku alipopata habari.

Kwa nini iwe hivyo? Sisi si wasomi, tunasema tulichokiona. Mtu akilia peke yake, anazama. Akiimba na wenzake, pumzi zinakwenda pamoja. Ukishindwa katikati, jirani yako anaupokea wimbo mpaka urudi. Wimbo haumrudishi marehemu, ila unampa nafasi ya kukaa kati yetu bila kutuvunja. Tena si lazima kila mtu aimbe. Wenzetu Waislamu wanasoma hitima, nasi tunakaa nao kwa heshima. Kubwa ni kutomwacha mfiwa na kimya chake.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, wimbo ule uendelee kufungua kila kikao, na majina ya waliotangulia yatajwe kabla kufuli hazijafunguliwa. Pili, mwanachama akifiwa, tusiishie kupeleka mchango na kuweka sahihi. Tukae naye, na baada ya matanga turudi tena, maana wengi huondoka siku ambayo mfiwa anaanza kuumia.

Binti yule leo ni mwanachama wetu, naye ndiye ataanzisha. Tunaomba wote tusimame.