MGONGO WA KARANI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Dodoma)



Tangu Serikali ilipokata shauri mwaka 1973 kuhamishia makao yake makuu hapa Dodoma, na hasa tangu 2016 ofisi zilipoanza kuhama kwa wingi, mji wetu umejaa watu wa kalamu na viti. Nani kati yetu hajamwona mwenziwe akiinuka kitini saa tisa na nusu ameshika kiuno? Akiulizwa, hujibu, "Si kitu." Jibu hilo ndilo lililotuleta hapa.

Yafaa kwanza tujue kuwa mgongo haukuumbwa kama rula. Penye pingili tano za kiunoni pana mbonyeo mdogo, nao hutusaidia kusimama wima na kuchukua uzito. Ubaya ni mbonyeo huo kuzidi, hata tumbo likatokeza mbele na makalio yakabinuka nyuma. Huweza kuletwa na unene wa tumbo, au mimba, au pingili iliyoteleza mahali pake. Na kuketi kutwa huweza kukaza misuli ya mbele ya nyonga, na ile ya tumbo na makalio ikalegea.

Wengi wetu twadhani dawa ni gwaride tulilofundishwa shuleni: kifua mbele, mabega nyuma. La! Atutumuaye kifua kupita kiasi huuzidisha mbonyeo ule ule. Mtazameni mama wa Kigogo atokaye kisimani na ndoo kichwani. Hatusemi mzigo ule ni mwepesi. Lakini kichwa chake kiko juu ya mabega, mabega juu ya nyonga, na nyonga juu ya nyayo. Hilo ni funzo.

Mtu aweza kujipima mwenyewe. Aegemee ukuta, apitishe kiganja nyuma ya kiuno. Kiganja kikienea, ni vyema. Ngumi ikipita kwa nafasi, huenda mbonyeo umezidi. Kisha ainame: mgongo ukinyooka, kwa kawaida si jambo la hofu, usiponyooka, amwone daktari.

Mezani, nyayo zikanyage sakafu, na kiti kisogezwe karibu. Kila nusu saa tuinuke, hata kwa kupeleka faili wenyewe. Jioni tupige goti moja, tukaze makalio, tusogeze nyonga mbele polepole. Kisha tulale chali, magoti juu, tukandamize kiuno sakafuni. Hakuna mkao ufaao siku kutwa: mkao mwema ni ule ubadilishwao.

Lakini maumivu yakishuka mguuni, au mguu ukifa ganzi au kulegea, mtu asikawie kwenda hospitali. Na mkojo ukizuilika au ukimtoka bila kujua, aende saa ile ile.

Nanyi wakuu wa ofisi, twawasihi msimwite mvivu karani ainukaye kujinyoosha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Basi tusiwafundishe wenzetu kuficha.